Curtis Bay: Mtaa Uliojipimia Hewa

Ukitoka katikati ya Baltimore kwa basi la mstari wa Silver, unashika barabara ya Hanover kuelekea kusini, unavuka daraja refu la mto Patapsco, unapita Brooklyn, ndipo unafika Curtis Bay. Njiani mji unabadilika sura. Maghorofa ya vioo na mahoteli ya ufukweni yanabaki nyuma; mbele yanakuja maghala, matangi ya mafuta, yadi za vyuma chakavu na malori yasiyokwisha. Kufika darajani, abiria wenye kompyuta mapajani walikuwa wameshashuka wote. Tuliobaki tulikuwa wanafunzi wa sekondari, mama mmoja mwenye sare ya usafi, wanaume wawili wenye buti za kazi, na mimi.

Ilikuwa Oktoba 2024, safari yangu ya kwanza kufika Marekani. Nilifikia kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye anafanya kazi ya kutunza wazee upande wa kaskazini wa mji. Wageni wanaotoka nyumbani humwomba awapeleke Washington wakapige picha mbele ya Ikulu. Mimi nilimwomba anielekeze basi la Curtis Bay.

"Huko kuna nini, mwanangu?" aliniuliza. "Nimekaa mji huu tangu hujamaliza shule ya msingi, sijawahi kufika."

Nilimwambia kuna makaa ya mawe, na kuna watu wanaoishi jirani nayo.

"Sasa hao si wahame?"

Sikuwa na jibu asubuhi ile, nikaondoka na swali lake.

Mimi ni mtu wa Mtwara. Bandari yetu kwa miaka mingi ilijulikana kwa korosho. Msimu ukiisha, gati lilikuwa linapumzika. Mwishoni mwa mwaka 2021 mambo yalibadilika. Makaa ya mawe ya Mkoa wa Ruvuma yakaanza kuja kwa malori, kupitia Songea, Tunduru na Masasi, hadi melini. Mwaka uliofuata vita vya Ukraine viliifanya Ulaya itafute nishati kila pembe ya dunia, na meli zikaongezeka. Kazi zilipatikana, na hilo si jambo la kupuuza: kuna madereva, mama lishe na vibarua ambao maisha yao yalinyooka kwa sababu ya mzigo huo. Lakini makaa ni mzigo unaopeperuka, na Serikali yenyewe imepanga mizigo ya aina hii ipate bandari yake kule Kisiwa Mgao, mbali na mji. Nilitaka kuuona mtaa ambao umeishi na makaa kwa zaidi ya karne, nijue watu wake wamefanya nini.

Nilishuka Pennington Avenue. Curtis Bay imejengwa kwenye mteremko: nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, kila moja na baraza yake mbele, zinapanda kutoka majini hadi kileleni. Ni mtaa wa wafanyakazi tangu mwanzo. Wapoland walihamia hapa karne iliyopita na ukumbi wao bado umesimama. Siku hizi majirani ni weupe, weusi na watu wa Amerika ya Kusini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, karakana ya meli ya Bethlehem-Fairfield, iliyokuwa kwenye rasi ya Fairfield jirani na hapa, iliunda meli 384 za mizigo za aina ya Liberty. Watu wa hapa hawajawahi kuuogopa moshi wa kazi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewasikia watu wengi, kwetu na kwao, wakidai kwamba anayelalamikia vumbi ni mtu asiyetaka maendeleo.

Makaa huhitaji kuyatafuta. Nilipopanda mtaa wa Filbert na kugeuka nyuma, niliyaona mbele ya maji: vilima vyeusi vilivyojipanga, vimezungukwa na mitambo ya mikanda, na mabuldoza yakipanda na kushuka juu yake. Mabomba marefu yalikuwa yanarusha maji ili kuyalowesha. Chini ya vilima, mabehewa ya wazi yalisimama kwa msururu ambao mwisho wake sikuuona. Na kati ya hayo yote na mimi kulikuwa na paa za nyumba, uwanja wa michezo wa watoto, na bustani ya jamii ambamo watu wanafuga mbuzi na nyuki.

Gati hilo lilianza kazi miaka ya 1880, enzi za reli ya Baltimore and Ohio. Leo ni mali ya CSX, mojawapo ya kampuni kubwa za reli nchini humo. Makaa huchimbwa kwenye milima ya Appalachia, katika majimbo kama West Virginia na Pennsylvania. Hushushwa hapa, hulundikwa nje bila paa, kisha hupelekwa melini kwa mikanda. Baltimore ni bandari ya pili Marekani kwa kuuza makaa nje, nyuma ya Hampton Roads ya Virginia. Mwaka 2023 magati yake yalipitisha takriban tani milioni 28. Sehemu kubwa huenda India, ambako mengi huishia kwenye tanuri za matofali. Machi ya mwaka huo niliosafiri, meli ya Dali iliigonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key, daraja likaanguka na wafanyakazi sita wahamiaji waliokuwa wakilikarabati wakafa. Dunia ikajua kwamba mlango wa Baltimore ukizibwa, makaa yanayosubiriwa nchi za mbali yanachelewa. Habari za wale wanaoyavuta puani hazikusafiri mbali hivyo.

Mwenyeji wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja ambaye jirani yake alinijulisha kwake. Alikuwa amekaa barazani na kitambaa kibichi mkononi. Alinieleza utaratibu wake bila kuulizwa, kwa namna ya mtu aliyeueleza mara nyingi kwa watu walioandika na kuondoka. Baraza hufutwa asubuhi na jioni. Hakuna nguo inayoanuliwa nje kwa sababu hakuna inayoanikwa nje. Madirisha ya upande wa majini hayafunguliwi kiangazi, hata joto liwe la namna gani, hivyo kipoza hewa hukaa kimewashwa na bili ya umeme hupanda. Mjukuu akija, inhela yake huwekwa mezani kabla ya viatu vyake kuvuliwa. Kisha alipitisha kitambaa juu ya mkono wa kiti nilichokuwa nataka kukalia, akanionyesha.

Kilikuwa cheusi. Lakini weusi kwenye kitambaa, ukitazama kwa macho matupu, unaweza kuwa mengi. Mtaa huu una malori ya dizeli mchana na usiku. Una tanuri la kuchomea taka za hospitali. Una barabara kubwa, matangi na viwanda vya kemikali. Masizi ni meusi, vumbi la matairi ni jeusi, na makaa ni meusi. Kwa miongo mingi jibu walilopewa wakazi lilisimama hapo hapo: mnajuaje kwamba ni makaa? Ni swali la haki kwenye maabara. Kwa mtu ambaye amekuwa akifuta kiti hicho hicho tangu usichana wake, ni swali linalomtaka athibitishe maisha yake mwenyewe, kwa gharama yake mwenyewe, mbele ya watu wenye maabara ambao hawana haraka.

Ndivyo ilivyokuwa hadi tarehe 30 Desemba 2021.

Siku hiyo, kabla ya adhuhuri, gati lililipuka. Njia ya chini ya ardhi inayopitisha mkanda wa makaa ilikuwa imejaa gesi ya methani bila hewa ya kutosha kuiondoa. Moto ukashika, vumbi la makaa likalipuka nao. Hakuna aliyejeruhiwa. Madirisha ya nyumba yalipasuka, kishindo kikasikika sehemu kubwa ya mji, na vumbi jeusi likatua mitaani mchana kweupe. Mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usalama kazini baadaye iliitaja kampuni kwa ukiukaji wa kanuni na kupendekeza faini ya zaidi ya dola 120,000. Kila niliyezungumza naye alianzia simulizi yake hapo, akisema alikuwa chumba gani na alikuwa ameshika nini. Mmoja alinionyesha ufa wa ukuta. Mwingine alisema alidhani vita vimeanza.

Mlipuko ule uliwapa watu wa Curtis Bay jambo ambalo vitambaa havikuwapa: siku yenye tarehe. Lakini nilichojifunza kwao ni kwamba hawakukubali mambo yaishie kwenye siku ile. Mlipuko ni ajali, na ajali hulipiwa fidia ikasahaulika. Wao walitaka kuzungumzia siku za kawaida, siku ambazo hakuna kilicholipuka na baraza bado inafutwa mara mbili.

Kwa hiyo waliamua kupima. Chama cha wakazi, Community of Curtis Bay Association, pamoja na South Baltimore Community Land Trust, shirika linalotafuta ardhi iwe mikononi mwa wakazi wenyewe, waliungana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na Chuo Kikuu cha Maryland. Idara ya Mazingira ya jimbo la Maryland nayo iliingia. Naomba msomaji atulie hapa, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri wa safari yangu.

Kijana mmoja wa mtaa, aliyepitia sekondari ya Benjamin Franklin iliyo hapo jirani, alinitembeza kuonyesha vifaa. Cha kwanza kilikuwa kisanduku kidogo kilichofungwa kwenye nguzo. Ndani yake hewa huvutwa na mwanga huhesabu chembe. Zipo chembe za chini ya mikromita 10, ambazo pua na koo huhangaika nazo, na zipo za chini ya mikromita 2.5, ambazo unywele mmoja wa binadamu huzizidi unene mara ishirini na zaidi. Hizi hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilipopitia upya viwango vyake mwaka 2021, lilishauri wastani wa chembe hizo ndogo usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka. Vituo vya kupimia hewa vya serikali ni vichache na viko mbalimbali, na vumbi la mtaa mmoja hupotea kwenye wastani wa mji mzima. Visanduku hivi ni vya bei nafuu na si sahihi kama mashine kubwa, lakini vikiwa vingi, vikasimama kwenye nyumba za watu, vinaonyesha upande wa mtaa ambao hewa yake imechafuka, na saa ilipochafukia.

Cha pili kilikuwa kamera, ya aina ile inayowekwa porini kupiga picha wanyama. Inatazama gati. Kazi yake ni kunasa mabuldoza yanapofanya kazi na vumbi linapoonekana kunyanyuka. Picha zikipangwa kwa saa, kisha zikawekwa sambamba na mwelekeo wa upepo na namba za visanduku, hadithi inajieleza: watafiti wamechapisha kwamba upepo ukivuma kutoka gatini huku mabuldoza yakifanya kazi, chembe hewani mtaani huongezeka.

Bado hilo halijibu lile swali la zamani. Chembe zimeongezeka, sawa. Lakini je, ni makaa? Jibu lilikuja kwa kifaa cha tatu, ambacho ndicho rahisi kuliko vyote: kipande cha utepe wenye gundi. Vipande viliwekwa sehemu mbalimbali za mtaa, vumbi likatua na kunasa lenyewe, kisha vikapelekwa kwenye hadubini ya elektroni, ambayo huonyesha umbo la kila chembe na elementi zilizomo. Masizi ya dizeli yana umbo lake, udongo una kemikali zake, na makaa yana yake. Desemba 2023 ripoti ya pamoja ya wakazi, vyuo hivyo viwili na idara ya jimbo ilitolewa. Vumbi la makaa lilikutwa mtaani, si kwenye uzio wa gati tu, bali hata umbali unaofika robo tatu ya maili.

Kijana huyu alinisimulia siku ya ripoti bila kupaza sauti. Wengine walilia, alisema, na si kwa sababu walisikia jambo jipya. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuona jina la idara ya serikali kwenye ukurasa mmoja na jambo ambalo mama zao walikuwa wakilisema jikoni.

Kampuni kwa upande wake imekuwa ikisema kwamba inafuata sheria na masharti ya kibali chake, inamwaga maji kuzuia vumbi, na kwamba gati limefanya kazi pale kwa zaidi ya miaka 140. Hoja hii ya mwisho niliitafakari sana. Umri wa jambo unaweza kuwa heshima yake. Lakini miaka 140 ya gati ni pia miaka 140 ya mapafu, na hiyo ya pili haijawahi kuwekwa kwenye hesabu za mtu yeyote isipokuwa wenye mapafu.

Swali langu kwa kijana lilikuwa jingine: walijuaje pa kuanzia? Mtaa maskini unapata wapi uthubutu wa kwenda kugonga mlango wa chuo kikuu? Aliniambia hawakuanza na makaa. Walianza na taka.

Kuanzia karibu mwaka 2011, wanafunzi wa Benjamin Franklin waligundua kwamba kampuni moja ilikuwa na ruhusa ya kujenga Fairfield, pungufu ya maili moja kutoka shuleni kwao, mtambo wa kuchoma tani 4,000 za taka kila siku ili kuzalisha umeme. Kibali chake kiliruhusu hadi paundi 240 za zebaki kutoka kwenye bomba kwa mwaka. Watu wazima wengi walikuwa wameshakubali. Uliuzwa kwao kama mradi wa ajira na nishati safi. Wanafunzi waliunda kikundi, wakakiita Free Your Voice, wakasoma mikataba. Humo wakakuta kwamba wilaya yao ya shule yenyewe, pamoja na taasisi nyingine za umma, zilikuwa zimesaini kununua umeme wa mtambo huo. Walikwenda kwenye bodi ya shule na hoja zao na nyimbo zao. Bodi ilijitoa mwaka 2015, wengine wakafuata, na Machi 2016 jimbo likatangaza kibali kimekufa. Destiny Watford, aliyekuwa mmoja wa wanafunzi hao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka huo huo.

Ninavyoona mimi, ushindi ule uliacha kitu kikubwa kuliko kuzuia bomba moja la moshi. Uliacha mtaani watu wanaojua kibali kinasomwaje, kikao cha hadhara kinaombwaje, na afisa akisema "tutalifanyia kazi" aulizwe tarehe gani. Baadhi ya waliokuwa wanafunzi wakati ule ndio leo wanaoshika visanduku na tepe.

Hapo nilikumbuka Lamu. Kiwanda cha umeme wa makaa kilichokusudiwa Kwasasi, cha megawati 1,050, kilikuwa na leseni ya mazingira tangu 2016. Wavuvi, wazee na vijana chini ya mwavuli wa Save Lamu walikwenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ya Kenya (National Environmental Tribunal), na tarehe 26 Juni 2019 leseni ilifutwa, sababu mojawapo kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nilipowasimulia habari hiyo watu wa Curtis Bay waliandika jina la Lamu kwenye daftari zao, wakaniuliza linaandikwaje. Lamu walikuwa na nafasi ambayo Curtis Bay hawakuipata: walisema hapana kabla tofali la kwanza halijawekwa. Mtwara tuko katikati. Mzigo umeshakuja, lakini ni mzigo wa miaka michache tu, na bandari ya kuuhamishia imeshapangwa. Huu ndio wakati wa kupima. Ukipima hewa ya Shangani, pale pale mjini Mtwara, na ya Kisiwa Mgao leo, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, una namba ya kuanzia. Ukisubiri, utakuja kuulizwa na mtu mwenye tai mnajuaje kwamba hamkuwa hivi tangu zamani.

Mchana kijana alinipeleka kwa gari lake hadi rasi ya Fairfield. Nilimtaka anipeleke kwa sababu ya swali la mama mdogo. Zamani huku kulikuwa na vitongoji viwili. Fairfield kilikuwa cha Wamarekani Weusi, Wagner's Point kilikuwa cha weupe wa kazi za viwandani. Vyote vilizungukwa pole pole na matangi ya mafuta, viwanda vya kemikali na mtambo wa majitaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya malalamiko marefu ya magonjwa na hofu ya milipuko, wakazi wa Wagner's Point walinunuliwa nyumba zao wakahama. Fairfield nayo ikapungua nyumba moja moja. Sasa huoni mlango wala baraza. Viwanda vipo.

"Hao walihama," kijana alisema. "Hewa ilibaki vile vile, ikakosa wa kuilalamikia."

Ndivyo nilivyomjibu mama mdogo jioni, aliponipigia simu kujua nitarudi saa ngapi. Nyumba ya mtaa wenye vumbi haina bei ya kununulia nyumba ya mtaa usio na vumbi. Anayehama anamwachia mpangaji maskini kuliko yeye. Na kitongoji kikishakuwa kitupu, mstari wa viwanda unasogea, na kitongoji kinachofuata ndicho kinachoitwa jirani wa gati. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nisipande basi usiku, atanifuata mwenyewe.

Jioni hiyo kulikuwa na kikao katika ukumbi wa mtaa. Viti vya kukunja, pizza kwenye maboksi, watoto nyuma na kalamu za rangi, mkalimani wa Kihispania pembeni. Ajenda ilikuwa kibali cha gati, ambacho kilikuwa kinasubiri kuhuishwa na idara ya jimbo. Wala hawakukubaliana, na nafurahi kwamba nilishuhudia hilo. Mzee mmoja, ambaye nduguye amefanya kazi relini, alisema wadai vilima vifunikwe: ziko bandari duniani zinazohifadhi makaa ndani ya majengo yaliyoezekwa, na treni zifunikwe vile vile. Mama mmoja akasimama akasema kufunika ni kukubali. Gati lifungwe, kwa sababu kinachoondoka hapa kikiwa vumbi kinarudi kikiwa joto na mafuriko. Msichana wa sekondari akauliza kwa nini wachague kabla ya kuomba. Sauti zilipanda. Hakuna aliyetoka.

Mimi nilikuwa mgeni na sikusema. Lakini moyoni niliegemea upande wa yule mzee kwa mwaka huu, na upande wa yule mama kwa miaka ishirini ijayo. Mtoto mwenye pumu anahitaji paa juu ya makaa kabla ya msimu ujao wa joto. Hawezi kungoja dunia iache makaa. Ila anayedai paa peke yake, na paa likijengwa akaenda kulala, amewaachia wengine hesabu yote iliyobaki.

Mwishowe waligawana kazi. Nani atasema dakika ngapi mbele ya maofisa, nani ataleta picha za kamera zikiwa zimeandikwa saa na upepo, nani atatafsiri barua kwa Kihispania, nani atawafuata wazee wasioweza kupanda ngazi. Mama mdogo aliingia wakati huo, bado na sare yake ya kazini, akidhani atanikuta nimesimama nje. Alipewa kiti. Alisoma karatasi ya madai mstari kwa mstari, akauliza kama mtu asiye wa mtaa huu anaruhusiwa kusaini, akaambiwa anaruhusiwa kwa kuwa anaishi Baltimore. Akasaini. Kisha akamgeukia kijana wa visanduku.

"Nasikia makaa haya yanakwenda India, kwenye matofali," alimwambia. "Huko yanakoshushwa na kuchomwa, nani anawapimia wenzenu?"

Kijana alikiri kwamba hilo hawajalifikia, akalichukua daftari la kikao kijacho na kuliandika, na chini yake akaandika Mtwara.

"Nawe kijana," mama mdogo akaendelea, sasa akivuta kiti karibu, "hebu nieleze vizuri, hicho kisanduku kinauzwa shilingi ngapi? Maana yake dola ngapi?"

Walikuwa bado wanahesabu taa za ukumbi zilipoanza kuzimwa, moja baada ya nyingine, na mwenye funguo akawaomba wakamalizie nje.